Roboti Ndani ya Tanki

Kila asubuhi Nasteha alifika shuleni Galbet na dumu la maji mkononi, kama wenzake wote, kwa sababu tanki la shule lilikuwa linavuja. Tanki hilo lilijengwa chini ya ardhi na hewa yake ilikuwa mbaya, kwa hivyo Mwalimu Kathure alikataza mtu yeyote kuingia. Lori la maji lingekuja Jumamosi. Ufa usipopatikana kabla ya hapo, maji yote yangeishia mchangani.

Chama cha sayansi kiliteremsha roboti yao kwa kamba. Ilikuwa kigari kidogo chenye taa na kamera, kinachoendeshwa kwa simu. Nasteha ndiye aliyeshika simu.

Alibonyeza kushoto. Picha haikusogea. Akabonyeza tena, na tena, na tena. Ghafla roboti ikazunguka kama imepagawa, ikagonga nguzo, ikapinduka.

"Wallahi, unabonyeza kama dereva anayepigia mbuzi honi!" Bishar, mwenzake katika chama, akacheka.

"Si mimi. Imeharibika."

Mwalimu Kathure aliivuta juu, akaijaribu uani. Ikatii papo hapo. "Ni nzima," alisema. "Zege la tanki ni nene, linachelewesha mawasiliano. Amri zilikwama njiani, kisha zikafika zote kwa pamoja."

Nasteha aliinamisha kichwa. "Basi ni mimi, mwalimu. Sikungoja." Akafikiri kidogo. "Nikimpigia habaryar, dada ya mama aliye Liboi, sauti huchelewa. Tukiongea kwa pamoja hatusikilizani. Kwa hivyo mmoja husema, halafu hungoja ajibiwe. Roboti haiwezi kufanya hivyo?"

"Inaweza, tukiifundisha."

Mchana huo waliandika upya maagizo yake. Sasa ilipokea amri moja, ikasogea shibiri moja, ikasimama, ikatuma picha. Amri iliyochelewa mno, roboti iliipuuza. Mawasiliano yakikatika, ilitulia pale pale.

Kesho yake waliiteremsha tena.

"Hata ngamia mgonjwa angekuwa amefika," Bishar alinung'unika.

Nasteha aliendelea kuitazama simu. Alibonyeza, akangoja picha, akabonyeza. Nyuma ya nguzo, mstari mweusi ukaonekana ukutani.

"Ufa!" Bishar ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Fundi alichimba upande ule kwa nje, akauziba. Lori lilimwaga maji Jumamosi, na Jumatatu yalikuwa hayajapungua, alhamdulillahi.

"Ule ucheleweshaji bado upo," Mwalimu Kathure aliwaambia. "Hatukuuondoa. Tumetengeneza roboti inayoweza kuuvumilia. Na tungekuwa bado tunautafuta ufa, kama Nasteha angeshikilia kwamba mashine ndiyo mbovu."