Cheti Namba Moja

Mchana ule duka la fotokopi lilijaa mpaka mlangoni. Kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa na haraka, na kila mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na karatasi moja tu. Mashine mbili zilinguruma. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fotokopi, alipokea karatasi kwa mkono huu na kutoa nakala kwa mkono ule bila kumtazama mtu usoni.

Aliyefika kaunta alikuwa mwanamke wa ovaroli ya bluu, imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, kitambaa cha njano kichwani, hereni ndogo masikioni. Sanduku la vifaa alilibana kati ya miguu. Aliweka simu yake juu ya kaunta.

"Nitolee hii, Mama. Karatasi ngumu, ya rangi, halafu uitie plastiki."

Mama Fotokopi akaangalia skrini. Palikuwa na tiki ya kijani na neno moja chini yake: Umemaliza.

"Hii tiki?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa mwanangu, tiki ukishaitia plastiki inakuwa nini?"

"Inakuwa cheti changu. Nimesoma mtandaoni ufundi wa friji na vyumba vya baridi. Masomo saba, video hamsini na mbili, nyingine nimezirudia mara tatu. Nimemaliza, wananipa tiki. Aliyetengeneza kitu kile ni mvivu wa kutupwa."

Nyuma yake mtu alikohoa. Alikuwa mwanaume mrefu, shati jeupe, viatu vinang'aa kuliko ilivyohitajika kwa siku ya kazi.

"Mvivu mwenyewe ni mimi," alisema.

Mwingine angeona aibu. Fundi huyu alimpima kuanzia viatu mpaka kola, taratibu, kama anayetafuta gesi inapovujia.

"Wewe ndiye uliyeiweka tiki?"

"Mimi. Rangi pia niliichagua mimi."

"Rangi ni nzuri. Sasa niambie, nikienda kuomba kazi, nimwambie bosi aangalie rangi?"

Foleni nzima ilicheka, na mwanaume akacheka pamoja nao, jambo lililomwokoa. Plastiki ilipopoa, fundi alimkabidhi ile tiki. "Shika wewe. Itundike mezani kwako uione kila asubuhi." Akainama kuchukua sanduku lake.

"Nikusaidie kubeba?"

"Sanduku langu nalibeba mwenyewe."

Aliondoka. Lakini kabla ya kuondoka alimwachia namba ya simu, ili ajulishwe, alisema, siku vyeti vitakapopatikana. Mama Fotokopi alisikia sababu hiyo na kutabasamu kwenye mashine yake.

Simu ya kwanza ilipigwa jioni ileile.

"Haloo, Fundi?"

"Bwana Vitufe," alimbatiza jina papo hapo. "Vyeti tayari?"

"Bado. Nimepiga kuuliza kwa nini unakitaka sana."

Fundi alikaa juu ya sanduku lake la vifaa. Kisha alimweleza, kwa sababu sauti ile ilikuwa inasikiliza kweli. Ufundi alifundishwa na baba yake. Mzee alitengeneza majokofu ya mji huu miaka thelathini, na kila palipotokea kazi ya maana waliipa kampuni yenye karatasi, halafu kampuni hiyo ikamwita yeye aje aifanye. Sasa mikono ya mzee inatetemeka. Bohari ya dawa ya hospitali ilikuwa inatafuta fundi mkuu wa chumba cha baridi, na tangazo lilisema wazi: mwenye cheti.

"Kazi naijua," alisema. "Nataka mtu alisome hilo mahali limeandikwa, si kuambiwa na mimi."

Bwana Vitufe hakulala vizuri. Kesho yake aliingia ofisini na ile tiki ya plastiki mkononi, akaiweka mbele ya bosi wake.

"Watu wanataka ujuzi," bosi alisema. "Karatasi za nini?"

"Ujuzi wanao. Wanafika mlangoni nao, wanarudishwa."

Walibishana siku tatu. Siku ya nne bosi alikubali, kwa sharti moja: pawe na mtihani wa maswali arobaini, na kila cheti kiwe na namba, mwajiri akiiandika kwenye ukurasa wao aone cheti ni cha kweli au cha kuungaunga. Bwana Vitufe alijenga vyote kwa mikono yake. Kazi ilichukua wiki sita, na katika wiki hizo sita simu hazikukauka.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Tangu lini nikawa wako?"

"Naomba radhi. Umekula, Fundi wa watu?"

"Nimekula. Na hilo la kwanza sikukukataza, nimeuliza tarehe tu."

Jumapili walitembea. Yeye alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiasi kwamba mwenzake alisahau habari aliyokuwa akisimulia, akaianza upya mara mbili. Walipopita karibu na duka la vinywaji, mwanamke alisimama akasikiliza friji ya kioo iliyokuwa ikiguguma. "Feni inagusa," alisema, na kweli muuzaji alipofungua, feni ilikuwa inagusa. Mwanaume alimtazama akiwa amependa hasa, wala hakuna neno jingine la kulitumia hapo.

Na mtu akipenda hivyo hufanya mambo ya kipuuzi kwa nia njema. Asubuhi ya kufungua vyeti, kabla mtu yeyote hajaufanya mtihani, alibonyeza kitufe ambacho msimamizi peke yake alikuwa nacho, akatoa cheti namba moja kwa jina la mpenzi wake. Alitaka awe wa kwanza. Aliona amemtengenezea zawadi.

"Kipenzi, fungua barua pepe."

Alifungua. Jina lake kamili, muhuri, namba moja. "Sijaona mtihani," alisema.

"Wewe ulimaliza zamani," mwanaume alijibu haraka, na akabadilisha mazungumzo.

Jumatatu fundi aliingia bohari ya dawa akiwa na ovaroli mpya. Mkuu wa bohari, mama wa miwani na maneno machache, alikisoma cheti, akageukia kompyuta na kuandika ile namba. Kisha akaisogeza skrini ili mgeni wake naye asome.

Jina lilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Chini yake paliandikwa: Alama za mtihani, hakuna. Kimetolewa na msimamizi kwa mkono.

Sentensi hiyo Bwana Vitufe aliiandika mwenyewe wiki tatu nyuma, ili kuwanasa wadanganyifu, na akaisahau.

"Nani huyu msimamizi?" mkuu wa bohari aliuliza.

Fundi alihisi masikio yanawaka. "Ni mtu ninayemfahamu," alisema, maana uongo hakuuweza.

"Humu ndani kuna chanjo za watoto, fundi. Siwezi kumweka mtu kwa kufahamiana." Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo palipouma. "Nafasi naifunga Ijumaa saa sita mchana."

Alitoka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu.

"Mpenzi, wamesemaje?"

"Nilifanya mtihani lini?"

"Kwani kumetokea nini?"

"Nakuuliza, nilifanya lini?"

"Nilitaka uwe wa kwanza."

"Mimi nilitaka kuwa fundi. Miaka thelathini baba yangu amenyimwa karatasi aliyostahili, leo mimi nimepewa nisiyostahili, nimeitembeza mjini kifua mbele. Unajua nimeonekana nani pale?"

"Nisamehe. Kazi unaijua, ungefaulu tu."

"Kama ulijua nitafaulu, kwa nini hukuniacha nifaulu?"

Fundi alikata simu, na kwa siku mbili hakupokea nyingine, ingawa Bwana Vitufe alipiga mpaka akajionea haya mwenyewe.

Jumatano fundi aliketi mbele ya simu yake, baba yake pembeni, akafungua ukurasa wa mtihani. Haukufunguka. Mtambo ulimwambia kwa adabu kwamba yeye tayari ana cheti. Aliisoma mara mbili, akacheka kwa hasira, kisha akamtumia Bwana Vitufe neno moja: Futa.

Mwanaume aliusoma ujumbe huo akiwa mezani, ile tiki ya plastiki imetundikwa mbele yake. Alijua kufuta ni nini. Mtambo hautoi tena namba iliyofutwa, na kila cheti kinachofutwa hudai maelezo yatakayosomwa na bosi. Aliandika: Nilikitoa bila mtihani kwa mtu ninayempenda. Kosa ni langu, si lake. Akabonyeza. Kisha akaingia ndani zaidi ya mtambo wake, akakiondoa kile kitufe chenyewe, asiwepo tena wa kutoa cheti kwa mkono, hata yeye. Mwisho akaenda kugonga mlango wa bosi kabla hajaitwa. Alikemewa vya kutosha na akatoka akiwa mwepesi.

Alimjibu fundi kwa neno moja: Nimefuta. Hakuongeza kipenzi wala moyo wangu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, mwanamke alilainika.

Mtihani aliufanya saa hiyohiyo. Mzee alikatazwa kusema, akakaa ameziba mdomo kwa mkono unaotetemeka, na kila swali alilolijua aligonga mguu chini mpaka binti yake akamwambia, "Baba, mguu nao unyamaze." Maswali arobaini. Alijibu bila papara. Alipomaliza, duara lilizunguka kidogo kwenye skrini, kisha zikaja alama: thelathini na nane. Cheti namba sitini na tatu.

Mzee aliomba simu. Alisoma jina la binti yake kwa sauti, na ndani ya jina hilo, mwishoni, lilikuwemo la kwake. Alilisoma tena. "Wametuandika," alisema. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Ijumaa asubuhi mkuu wa bohari aliandika namba sitini na tatu, akavua miwani, akampa fundi ufunguo wa chumba cha baridi.

Saa sita na nusu simu ya Bwana Vitufe iliita.

"Uko wapi?"

"Kazini. Fundi, mimi..."

"Njoo fotokopi."

Alifika akihema, shati limetoka upande mmoja. Foleni ilikuwa ileile. Mwanamke alikuwa kaunta, kitambaa cha njano kichwani, ufunguo umening'inia kiunoni, na cheti mbele yake.

"Thelathini na nane," alisema kabla ya salamu. "Na swali la ishirini na mbili mmekosea nyie. Friji iliyosafirishwa imelazwa, isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Nyie mmeweka nusu saa. Baba alinifundisha hilo nina miaka tisa."

Mwanaume alitoa simu, akaangalia. Uso ulimbadilika. "Mtaalamu wetu wa friji aliandika jibu ni muda wa saa nne. Mimi ndiye niliyebonyeza jibu lisilo lenyewe. Nikirekebisha, alama zitapanda zenyewe. Utakuwa na thelathini na tisa."

"Mimi peke yangu?"

"Wote waliojibu kama wewe."

"Hapo sawa. Hiyo naipokea."

Alirekebisha palepale. Kisha akavuta pumzi.

"Nataka kuja nyumbani kumwona Baba."

"Kwa habari gani?"

"Unaijua."

"Itamke, watu wako kwenye foleni."

"Nataka kukuoa. Nakupenda, na tangu leo chako sikichezei tena, nasimama pembeni nakuangalia unakipata."

Mama Fotokopi alizima mashine moja ili asikie vizuri.

"Baba atakuuliza maswali," fundi alisema.

"Mangapi?"

"Idadi yake siijui, na majibu sikupi." Alimshika mkono, akaushikilia. "Ila la kwangu ulishalijibu Jumatano, ulipofuta. Njoo Jumapili."

"Nakala ngapi basi?" Mama Fotokopi aliuliza, akijifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Moja tu, Mama. Kubwa, ya ukutani. Uitie plastiki."

Ilipopoa, mwanaume aliinamia sanduku la vifaa kwa mazoea ya adabu, kisha akakumbuka, akasimama wima. Mwanamke alicheka, akalinyanyua mwenyewe, na kwa mkono uliobaki akampa cheti. Walitoka hivyo barabarani, yeye na sanduku lake, na mwenzake nyuma hatua moja, amekibeba cheti kifuani, jina limeelekea watu.