Bano Lililopakwa Bluu

Tuambiane ukweli mapema, ili mbele ya safari asilaumiwe msimulizi: mjinga wa siku ile alikuwa Kinyonga. Hakuwa mjinga wa darasani, la. Hesabu alizitafuna kama karanga. Ulikuwa ujinga wa aina ile inayowapata werevu, na huo ndio mbaya zaidi, kwa kuwa dawa yake haiuzwi dukani.

Kila akirudi shule, hata kabla ya kuvua sare, Kinyonga alipitia chumba cha nyuma. Humo ndimo ilimokaa mashine ya mama yake ya kutotolea vifaranga: sanduku kubwa la mbao lenye mlango wa kioo, na ndani yake trei za mayai zilizopangwa kama vitabu kabatini. Kazi ya Kinyonga ilikuwa kuongeza maji kwenye sinia la chini ili hewa isikauke, na kusoma namba ya joto. Namba ilitakiwa iwe thelathini na saba na nusu. Ikishuka, vifaranga hudumaa ndani ya yai, ikipanda, hufa. Sare, sabuni, daftari na chakula cha jioni, vyote katika nyumba ile vilitoka ndani ya sanduku lile vikiwa na manyoya ya njano.

Siku ile namba ilisoma thelathini na tisa.

Mara moja Kinyonga alikumbuka alichokifanya jana yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa kompyuta, aliyejifunza kazi kwa kuharibu za kwake kwanza. Ndiye aliyeandika programu mpya ya kuiendesha mashine: iyageuze mayai kila baada ya saa chache, na izime hita kila joto linapozidi. Aliiandika kwa lugha moja ya kompyuta inayopenda mabano kupita kiasi. Kila agizo hukaa ndani ya mabano, na ndani ya agizo hilo huwamo jingine lenye mabano yake, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Mwisho wa kila sehemu hujipanga foleni ya mabano ya kufunga, na jicho la binadamu likifika hapo hukata tamaa.

Kinyonga aliamua kulisaidia jicho hilo. Aliandika programu yake mwenyewe ya kuyapaka mabano rangi: jozi ya nje kabisa bluu, iliyo ndani yake kijani, ya ndani zaidi rangi ya chungwa, na kuendelea. Ukiona bluu imefungua, unatafuta bluu iliyofunga. Kaka alicheka, akambandika hilo jina la Kinyonga, kisha akaanza kuzitegemea rangi zile kimyakimya.

Jana yake, Kinyonga alipozijaribu kwenye programu mpya ya kaka, sehemu ya juu ilitoka safi. Katikati, sehemu iliyofuata ilianza na bano la kijani badala ya bluu, na kutoka hapo rangi zote zikapotoka hadi chini.

"Rangi zako zimelewa," kaka alisema, akipita nyuma yake na kikombe cha chai. "Kesho asubuhi naiweka programu kwenye mashine. Kama hazijalevuka, nitasoma kwa macho yangu kama wazee."

Kinyonga aliona aibu ikimpanda masikioni. Alianza kuyahesabu mabano, akapotea njiani, akaacha. Alijiambia kosa ni la rangi zake, na hakutaka lionekane. Basi akaongeza mstari mmoja tu: bano lolote linaloanza pembeni kabisa kushoto lipakwe bluu, la kufunga lililolitangulia nalo lipakwe bluu, na hesabu ianze upya. Mwishoni kabisa likabaki bano moja la kufunga lisilo na mwenzake. Nalo akalipaka bluu. Skrini ikapendeza kama bwana harusi.

Asubuhi kaka aliitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa umekuwa fundi, Kinyonga. Rangi zimetulia, basi mabano yametimia." Akaifuta programu ya zamani kwa kujiamini, akaweka mpya, akaiona ikigeuza mayai na kuzima hita vizuri, akaenda kazini akipiga mluzi.

Sasa, mbele ya namba thelathini na tisa, mluzi haukuwepo.

"Mama," Kinyonga aliita. "Njoo uone namba."

Mama alitoka bandani na manyoya kwenye mikono ya blauzi. Alitazama mara moja, akafungua mlango wa kioo, akazima hita kwa mkono, akaanza kupepea kwa mfuniko wa ndoo. Namba ilipoanza kushuka mno, akawasha. Ilipopanda, akazima. Kaka aliyeitwa kwa simu aliingia akihema.

"Nani ameigusa?"

"Hakuna aliyeigusa," Mama alisema. "Inajiendesha yenyewe, si ndivyo ulivyosema? Haya, irekebishe. Mimi ni mama yenu, sikuzaliwa swichi."

Kaka alifungua kompyuta sakafuni, akapitisha kidole kwenye skrini. "Sehemu ya kugeuza mayai: bluu imefungua, bluu imefunga. Sawa. Sehemu ya joto: bluu, bluu. Sawa. Mabano hayana neno."

Kila alipotamka "bluu," Kinyonga alihisi kama anachomwa sindano. Alijiambia labda ule mstari wake hauhusiki. Labda ni waya. Labda ni umeme. Lakini "labda" ni mto laini usiolalika ukiwa na hatia. Akisema, kaka hatazigusa tena rangi zake maisha yote. Asiposema, namba ile itapanda tena. Alimwagia sinia maji hadi yakafurika miguuni pake.

"Wewe, unataka kutotoa samaki?" Mama alimwuliza.

"Basi ni kipimajoto," kaka akaamua. "Kimekufa. Programu ni nzima, nimeiona." Akachukua koleo, akaingiza mkono nyuma ya sanduku na kuushika waya.

"Ukikitoa, joto nitalijuaje?" Mama aliuliza.

"Utashika mayai kwa kiganja hadi nipate kingine."

"Na usiku nikisinzia?"

Koleo likauma waya.

"Kaka, usikate." Sauti ilimtoka Kinyonga nyembamba kama ya kifaranga. "Rangi zinadanganya."

Kaka aligeuka, koleo lingali kwenye waya.

"Zinadanganya vipi?"

"Jana hazikulevuka. Nilizilazimisha. Sehemu ikianzia pembeni, zinasema bluu hata kama siyo bluu. Nilidhani nimekosea mimi, nikaona haya."

Kaka aliliachia koleo polepole. Kinyonga alitarajia kofi au kicheko, na hakujua kipi kingemuuma zaidi. Hakupata lolote. Kaka alisogea tu kumpisha mbele ya kompyuta. "Futa huo mstari," alisema.

Akaufuta. Rangi zikaruka kama kuku walioona mwewe. Palepale katikati, bano la sehemu ya joto likageuka kijani.

Kaka aliweka kidole juu yake, akakipandisha hadi mwisho wa sehemu iliyotangulia. "Sehemu ya kugeuza mayai sikuifunga," alisema hatimaye. "Hii ya joto imo ndani yake."

"Semeni lugha ya watu," Mama alisema, mkono ungali kwenye swichi.

Kinyonga ndiye aliyemweleza. "Mama, mashine ilikuwa inaangalia joto pale inapogeuza mayai tu. Ikimaliza kugeuza, inafumba macho kwa saa chache. Ndiyo maana asubuhi kaka aliiona nzima."

Kaka aliongeza bano lililokosekana, akalifuta lile la mwishoni lililokuwa peke yake, akaiweka programu upya. Mama aliondoa mkono kwenye swichi, lakini hakwenda mbali. Namba ikapanda kidogo. Hita ikazimika yenyewe, tak. Namba ikashuka, hita ikawaka, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Mama alivuta pazia, akawasha tochi, akaanza kuyamulika mayai moja moja aone yapi yangali hai. Ndani ya mengi ilionekana mishipa myekundu kama mizizi, na kitu kidogo kikicheza. Kila lililocheza alilirudisha kwenye trei. Hapo ndipo watoto wake, hofu ilipowapungua, walipopata nafasi ya kugombana.

"Ungeniambia jana, haya yote yasingetokea," kaka alisema.

"Bano ulilisahau wewe."

"Kusahau ni kusahau. Wewe ulificha."

"Na lile la mwishoni lilitoka wapi? Mimi nililipaka rangi tu, sikulizaa."

Kaka alikohoa. "Kompyuta ilikuwa inalalamika kuna bano halijafungwa. Nikaipa moja, ikanyamaza."

"Haya, mmoja kaiziba mdomo, mwingine kampaka poda mgonjwa," Mama alisema, bado akimulika. "Na wote wawili mlikuwa na njia nyepesi: kusema hapa pana kitu sikielewi. Aibu ya kuuliza huisha jioni ileile. Kosa ukilipamba, linakua likijiona zuri."

"Nimekuelewa, Mama," Kinyonga alisema, akiinamisha kichwa.

"Hata mimi," kaka alisema. "Ila tuwe wa haki. Kati ya kosa langu na lake, lipi kubwa?"

Mama alimulika yai jingine, akaligeuza huku na huku, akasubiri. Ndani yake hapakucheza kitu. Akalitia kwenye kiganja cha kaka, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Muulize huyu."