Siku Thelathini na Moja za Mkunga

Hakuwa na gari, hakuwa na kimo, hakuwa na maneno matamu wala shati lisilopauka kola. Zaidi ya yote, mtunza takwimu wa hospitali hakuwa na imani kwamba mwanamke mzuri angeweza kumpenda bila sababu iliyofichika.

Walikutana mlangoni mwa lifti, saa ya kuona wagonjwa, watu wakisukumana. Mkunga, gauni lake jeupe limenyooshwa kwa pasi, alimkanyaga.

"Samahani, kaka. Nimekuumiza?"

"Kanyaga na mguu huu mwingine, usije ukaona wivu."

Akacheka hadi lifti ikawaacha.

Wakapendana. Lakini kila alipompigia simu jioni, jibu lilikuwa lilelile: "Niko kazini, mpenzi. Watoto hawasubiri kuzaliwa."

Wivu ni mchwa. Hula ndani, nje pakang'aa. Mchana mmoja alifungua kumbukumbu za mahudhurio, ambako kila mfanyakazi huweka kidole aingiapo, akaiuliza kompyuta: katika miezi mitatu, mkunga huyu ameingia kazini siku ngapi tofauti?

Thelathini na moja.

Akapiga simu. "Siku nyingine zote ulikuwa kwa nani?"

"Siku zipi tena?"

"Usinizuge. Nimekuhesabu kwenye mashine."

"Umenihesabu? Mimi? Kama glavu za stoo?"

"Jibu swali."

"Sijibu. Jihesabu kwanza wewe, bwana mkubwa!" Akakata.

Mwanamume akajihesabu, ili amkomoe. Thelathini na moja. Akamhesabu mlinzi wa getini, mzee asiyejua likizo. Thelathini na moja. Alikuwa ameiambia kompyuta itazame namba ya siku tu, bila mwezi; basi tarehe tano za miezi yote mitatu zikawa siku moja. Kwa hesabu ile, hata malaika asingevuka thelathini na moja. Alipoongeza mwezi, mkunga akatokea na siku sabini na nane.

Simu haikupokelewa. Akaenda wodini. Muuguzi mmoja akamzuia mlangoni: "Shemeji, leo umekuja kuhesabu vitanda?" Wenzake wakaangua kicheko. Mkunga akapita na beseni, hakugeuka. Mwanamume akatazama viatu vyake.

Barua ya kwanza aliyoandika iliilaumu kompyuta, akaichana. Ya pili ilisema:

"Kompyuta ilijibu nilichoiuliza. Hata ingejibu sawasawa, bado ningekuwa nimekuchungulia kwa ufunguo wa kumbukumbu nilioaminiwa kazini. Nimemweleza mkuu wangu, ameuchukua. Ulikuwa ukisema kweli, nami sikukusikia. Naona haya. Sidai jibu."

Alitamani kuongeza neno la posa, maana moyoni lilikuwapo tangu zamani. Aibu ikaushika mkono wake. Akaikunja karatasi, akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaenda posta kwa miguu na kuitumbukiza sandukuni kabla ushujaa haujamwisha.