Kikombe cha Pili

"Dada, mbona leo hukuniletea?"

Sista alibaki na kikombe kitupu mkononi. Sasa hivi tu mkono ulitoka kwenye tundu la mlango wa seli namba tano, ukachukua dawa, ukarudisha kikombe.

"Nimekupa. Acha vituko vyako," alisema, akaendelea na sinia lake. Nyuma yake harufu ya nywele zilizoungua ilitoka tunduni.

Alikuwa muuguzi wa gereza. Kila asubuhi aligawa methadoni, dawa ya kunywa inayomwachisha mtu heroini taratibu. Zamani wafungwa walipanga foleni dirishani, na kila aliyekunywa ilibidi aseme neno mbele yake, maana anayesema hajaficha dawa mdomoni. Wengine walisalimia, wengine waliitukana serikali. Ugonjwa wa kuambukiza ulipoingia gerezani, foleni ilifutwa na neno likafutwa nayo. Wenye homa walifungiwa peke yao, wakapewa dawa kupitia tundu.

Mmoja wao, yule wa seli namba tano, alikuwa Kinyozi, mdogo wake wa tumbo moja. Heroini ilishawazika kaka zao wawili. Huyu alibakiza wiki sita atoke, na mama yao alishafua shuka zake mara mbili.

Siku ya pili mkono ulichukua, ukarudisha. Kisha sauti ikalia, "Dada, arosto ya kukosa dawa inaniua. Mifupa inawaka. Kuna kitu humu kinakunywa dawa yangu."

Sista alimwita askari. "Afande, humo yumo na nani?"

"Peke yake. Ufunguo ninao mimi."

"Basi fungua."

"Mavazi ya kujikinga yameisha tangu Ijumaa. Nikifungua hivi hivi, nami nitafungiwa." Alinusa, akarudi nyuma hatua mbili. "Sista, harufu hii ni ya kusomewa dua. Na msomaji hapiti getini, wageni wamezuiwa. Mimi niliajiriwa kulinda wafungwa. Hao wengine siwawezi."

Sista alimpigia daktari.

"Waraibu wanadanganya, unajua," daktari alisema. "Ukimpa mara mbili kwa siku unamuua. Lakini kama kweli hanywi, ikifika siku ya tatu namtoa kwenye dawa."

Akitolewa atarudia heroini. Sista alijua mwisho wa njia hiyo, alishausindikiza mara mbili hadi makaburini.

Siku ya tatu mkono ulichukua tena, ukarudisha kikombe kitupu, na sauti ikaanza kulia kama alivyolia Kinyozi alipokuwa na miaka mitano, ikimwapia kwa jina la mama, ikimkumbusha namna alivyokuwa akimbeba mgongoni kumpeleka kliniki, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa barakoa yake hadi macho yakatoa machozi, naye akamimina kikombe cha pili, akakipitisha tunduni, na ule mkono ukakisukuma nje, akakirudisha, ukakisukuma tena, vidole vikigonga mlango kwa nguvu.

"Ndicho hicho, Dada!" sauti ilinong'ona. "Hakitaki nipone. Sukuma!"

Akasukuma. Mara hii kikombe kilikaa ndani muda mrefu. Kilirudi kitupu.

"Asante, Dada."

Lilikuwa neno la kwanza kuambiwa na aliyekunywa dawa tangu foleni ifutwe. Sista alilia kwa furaha.

Jioni walimkuta Kinyozi ameegemea mlango, amepoa. Daktari alikuja amejifunika mwili mzima kwa mavazi yake mwenyewe, akamulika tochi mdomoni mwa maiti, akamulika tena.

"Nani alikuambia amekosa dawa?"

"Yeye mwenyewe. Ameongea na mimi siku tatu."

Daktari alizima tochi. "Koo limevimba, limebaki upenyo wa maji tu. Huyu hajatoa sauti tangu alipofungiwa humu."

Sista aliushika ule mkono. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la wembe, la mwaka aliojifunza kunyoa. Siku zote tatu ulikuwa mkono wake. Alikunywa dawa yake kama alivyoagizwa, na ya pili aliikataa mara mbili. Mara ya tatu ilimshinda, na aliyemsukumia alikuwa dada yake.

Asubuhi iliyofuata sinia lilikuwa na kikombe kimoja pungufu. Seli namba tano ilikuwa wazi, imefagiliwa, godoro limetolewa likachomwe. Sista alipita akitazama sakafu. Harufu ilimfikia kabla hajaupita mlango.

"Dada," sauti ya mdogo wake ilimwita kutoka chumba kitupu, "mbona leo hukuniletea?"