Nyaya Mbili, Mtaro Mmoja

"Dada Burul, umekaa?"

"Sema, Sagyn."

"Katapila la watu wa barabara limekata nyaya zote mbili. Ya kazi na ya akiba."

Burul, mhandisi wa mtandao mjini Naryn, aliinua macho, simu ya fundi wake ikiwa sikioni. Skrini nzima nyekundu: shule, benki, hospitali ya wilaya.

"Haiwezekani. Ya akiba inazunguka nyuma ya mlima. Ulan aliilaza mwenyewe."

"Basi shemeji kailaza hapa hapa. Ziko mtaro mmoja, zimekumbatiana kama maharusi."

Burul hakucheka.

"Nilipoipokea niliipima kwa mwanga. Urefu ulikuwa wa kuzunguka mlima."

"Njoo uuone urefu wenyewe! Bunda zima la waya limefukiwa shimoni, limeungwa humo. Mwanga ulikuwa unazunguka kama punda wa kinu, halafu unakuja kukudanganya."

"Unga nyuzi za hospitali kwanza."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako atasubiri foleni."

Alifungua meseji za mumewe za majira ya baridi. "Mke wangu, huku nyuma ya mlima theluji inafika kiunoni. Tunachimba tu. Miguu imekufa ganzi." Wakati ule alimfumia soksi za sufu, akampa dereva ampelekee. Aliisoma meseji mara ya pili, akisubiri hasira ije. Haikuja.

Simu ikaita. Ulan.

"Mpenzi, nimesikia. Ardhi ilikuwa imeganda, tukabana kidogo. Lakini urefu si ulikuwa sahihi?"

"Urefu ndiyo. Njia siyo. Ila sikuulizi waya."

"Unaniuliza nini sasa?"

"Kama nyuma ya mlima hakuna mtaro, ulikuwa unalala wapi?"

"Burul, tuongee nyumbani."

"Ulan, ni swali jepesi."

"Kijijini Kochkor. Kwa mwanamke mmoja, Jyldyz. Burul, yaliisha, naapa kwa mkate!"

"Usiapie mkate, ni mtakatifu. Soksi ziko wapi?"

"Soksi gani tena?"

"Nilizokufumia."

"Yeye ndiye anayezivaa."

Burul aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kipimo alichokitarajia. Kwenye skrini taa moja ikageuka kijani. Meseji ya Sagyn ikaingia: "Hospitali hewani, dada. Tunaendelea na zilizobaki."

"Burul, upo? Tutengeneze jambo hili ndani kwa ndani. Mama atasema nini?"

Kwa mama yake Ulan ndiko walikokuwa wakiishi. Kila jioni Burul ndiye aliyemimina chai, bakuli nusu nusu kwa desturi ya huko, kama mkamwana mwenye adabu.

"Leo chai ya mama mimina wewe," alisema. "Akiuliza mkamwana wake yuko wapi, mwambie karudi kwao. Akiuliza kwa nini, usimpunguzie hata neno."

"Burul, nakupenda!"

"Nimesikia."

Akakata simu. Akaandika taarifa ya hitilafu, na penye jina la msimamizi wa ulazaji akaandika jina la mumewe, herufi kwa herufi. Akasubiri mpaka taa ya mwisho ikawa kijani, akavaa koti, akatoka. Nje upepo ulikuwa unachoma masikio ya watu. Yeye hakuusikia.