Spea ya Marehemu Johana

Asubuhi hiyo Jackton Obure alikuwa na shida ambayo fundi yeyote wa friji kubwa anaijua. Kompresa ya kituo cha kupoza maziwa pale Chebunyo ilikuwa imevunjika bamba la valvu, na bamba kama hilo halikupatikana Kericho wala Kisumu. Nairobi walimwambia mashine ni ya zamani, angoje spea ije kwa meli. Langoni wakulima walijaa na mitungi yao, wakimtazama kama yeye ndiye aliyeivunja.

"Nilikuita utengeneze," alisema Weldon, meneja wa kituo. "Hizo hadithi za meli peleka kwenu ziwani."

Mkulima mmoja akamnong'onezea kwamba Johana, fundi wa zamani, aliacha spea nyumbani kwake Soin. Ni Weldon huyo huyo aliyemfukuza Johana kazini akimwita mwizi wa spea mbele ya watu, na spea zenyewe mzee alikuwa amezinunua kwa jasho lake. Hakukaa sana, akafa.

Jackton akawasha pikipiki, akateremka hadi Soin kwenye joto. Phyllis, mjane wa Johana, alimsikiliza akiwa mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Mzee wangu alikufa akitetemeka," alisema. "Na jua la hapa unaliona. Tulimfunika blanketi zote, meno bado yanagongana. Alikuwa anaita Weldon tu."

"Pole sana, mama."

"Pole rudi nayo." Akaingia, akatoka na bamba ndani ya gunia. "Sitaki pesa. Mwambie Weldon aiskize mashine ikinguruma."

Jackton alilibeba kifuani, chini ya jaketi. Njia nzima halikupata joto.

Kesho yake mchana akalifunga. Lilikaa sawasawa. Kompresa ikanguruma, maziwa yakaanza kupoa. Kama kawaida yake, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, asikie kama kuna kitu kinagonga ndani.

Yalikuwa meno. Yakigongana.

Akasogeza bisibisi. Mle ndani mtu akavuta pumzi. Kisha sauti ya mzee, karibu kabisa, ikasema polepole, "Weldon."

Bisibisi ikamponyoka. Weldon, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaiokota, akacheka kwa dharau.

"Fundi anaogopa mashine?"

"Usiskize, bosi," Jackton alinong'ona.

Weldon akainama. Akaweka ncha kwenye chuma, akatega sikio kwenye mpini.

Kicheko kikakatika. Akajaribu kujitoa. Hakuweza. Sikio lilikuwa limegandia mpini, na mpini ulikuwa wa plastiki. Jackton akazima swichi. Mashine ikanguruma. Akachomoa fyuzi. Ikanguruma. Akaita watu wasaidie. Wakulima walisimama mlangoni, mikono mifukoni.

Ilinyamaza yenyewe ilipotaka. Weldon akaanguka sakafuni, macho wazi.

Jackton hakufanya kazi Chebunyo tena. Ila alienda mara moja kumjulia hali Weldon. Alimkuta jikoni nyumbani kwake, ameketi karibu na moto, haongei. Mkewe, Dorine, alikuwa akimkwangua sikio kwa kijiko, polepole, asimuumize. Barafu nyembamba ilikuwa ikianguka kwenye bakuli.

"Ni ya leo asubuhi," alisema bila kuinua uso. "Ya jana nilimwaga pale nje."

Jackton akachungulia. Kuku walikuwa wakidonoa uwanja mzima. Mahali pamoja tu, pale barafu ilipomwagwa, walikuwa wanapakwepa.