Nembo Iliyohamia Kwapani

Nyumba hii iko chini ya kilima. Juu ya kilima kuna majani, na kwenye majani kuna kondoo thelathini na wawili. Ndani ya nyumba kuna watu watatu. Kondoo hawagombani.

Wa kwanza ni Mama Sufu, mwenye kondoo. Alianza na majike watatu aliopewa na baba yake alipoolewa. Wengine wote wamezaliwa mikononi mwake. Wa pili ni mume wake, anayewalisha na kuwanyoa. Wa tatu ni mama wa huyo mume. Watu wote wanamwita Bibi, hata wanaomzidi umri.

Kazi wamegawana. Mume ananyoa kwa mkasi mkubwa. Hanyoi kondoo aliyelowa, maana sufu mbichi huoza kwenye gunia. Sufu ya tumboni na ya mkiani, ile yenye samadi, anaiweka kando.

Mama Sufu anaosha sufu kwa maji ya uvuguvugu. Haisugui. Ukiisugua inagandamana, unabaki na mkeka. Anaianika kivulini, kisha anaichana kwa machanuo mawili ya waya mpaka inapepea ukiipulizia. Halafu anakaa kwenye gurudumu lake na kusokota uzi mmoja, mwembamba.

Uzi mmoja hukatika upesi. Kwa hiyo Bibi huchukua nyuzi mbili, akazisokota pamoja kwenye gurudumu lake. Hapo unapatikana uzi wa kufumia. Gurudumu la Bibi linakaa mlangoni, ili aone nani anapita na amebeba nini.

Kwa miaka mingi uzi wao ulifumwa kofia. Hakuna aliyelalamika. Kofia ikizunguka kichwani, nani atajua?

Mwaka huu kofia zilikosa wanunuzi. Zililala dukani mpaka panya wakazizoea. Ndipo jirani yao, fundi wa kufuma, alipopata kazi kubwa. Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alitaka sweta za watoto wote kabla ya baridi. Kwanza alitaka kumi za kujaribu. Fundi alichukua uzi kwa Mama Sufu, akafuma kumi, akazipeleka.

Baada ya wiki mbili fundi alikuja mbio, sweta moja mkononi.

“Hodi.”

“Karibu, jirani,” Mama Sufu akasema. “Mbona umenuna?”

“Sijanuna. Uso wangu ndivyo unavyokuwa nikiaibishwa.”

Aliitandaza sweta mezani. Wote watatu wakainama kuitazama. Mshono unaotakiwa kukaa ubavuni ulikuwa unakatiza tumboni. Nembo ya shule, iliyoshonwa kifuani, ilikuwa imehamia kwapani.

“Zote kumi ziko hivi,” fundi akasema. “Zilipofuliwa tu, zikaanza safari. Watoto wakisimama mstarini, Mwalimu Mkuu anadhani wanamgeukia mtu nyuma. Juzi mtoto mmoja aliulizwa anasoma shule gani. Akainua mkono.”

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akajifanya anakohoa.

“Labda ulifuma umekaa upande,” akamwambia fundi.

“Mama, nimefuma miaka kumi na minane. Uzi wa kiwandani haunifanyii hivi. Sasa nisikilizeni. Mwalimu Mkuu ametupa wiki tatu. Nimpelekee sweta nyingine, ataifua mwenyewe mara tatu. Nembo ikisogea, atanunua sweta za kiwandani.”

Fundi alipoondoka, mume alivua kofia yake, akaitazama kama vile naye anaishuku.

“Kofia hazinunuliwi,” akasema. “Shule nayo ikituacha, sufu hii tutamuuzia nani? Nitamwita muuza nyama. Ameshakuja mara mbili kuwapapasa migongo.”

“Kondoo ni wangu,” Mama Sufu akasema.

“Ni wako. Na majani?”

“Ya Mungu.”

“Basi Mungu naye aje kuwafungulia zizi asubuhi. Mimi nitalima vitunguu. Kitunguu hakitoroki.”

Mama Sufu alitoka, akaenda kusimama zizini. Jike mmoja mzee alikuja kumnusa mfukoni. Huyo alikuwa wa mwisho kati ya wale watatu wa baba yake.

Kesho yake kila mtu alianza kutafuta kosa, hasa kwa mwenzake. Mama Sufu alibadilisha sabuni. Fundi alifuma kipande kidogo cha mraba, wakakifua. Kilipokauka kilikuwa kimeinama kama kigoda chenye mguu mmoja mfupi.

Mume naye alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alirudi akiwa na furaha.

“Nimeona,” akasema. “Kondoo wetu wanazunguka kilima upande mmoja tu. Wanapanda huku, wanashukia kule, mwaka mzima. Sufu inakua imepinda.”

“Umepigwa na jua?” mkewe akauliza.

“Utaniambia.”

Kwa siku tano aliwazungusha kondoo kinyume. Majike walikwenda, wakishangaa. Dume alikataa. Alisimama njiani pale pale alipozoea kupita, akamngoja mwenye akili aje. Mume alimsukuma kwa nyuma, dume akakaa chini. Jirani wa ng’ambo alileta kiti chake nje ili atazame vizuri.

Kipande cha pili kilifumwa, kikafuliwa. Kikainama vile vile.

Ilibaki wiki moja na siku mbili. Asubuhi hiyo alikuja mzee mmoja mrefu anayesokota kamba za katani. Watu wanamwita Mzee Kamba. Alikuwa amebeba rundo begani.

“Nimeleta kamba thelathini na mbili za kufungia kondoo,” akasema. “Baba mwenye nyumba aliniagiza.”

Mama Sufu alimgeukia mume wake. “Kamba za kuwapeleka wapi?”

Mume aliangalia miguu yake. “Nimejitayarisha tu, mke wangu.”

“Umejitayarisha kwa wote. Hata yule jike mzee hukumwacha.”

Mzee Kamba aliona ameingia mahali pabaya. Akatafuta kitu cha kutazama, akaona donge la uzi kwenye kiti cha Bibi. Alivuta uzi kiasi cha mkono mmoja, kisha akaulegeza. Uzi ulijikunja wenyewe kama mkia wa nguruwe. Akauvuta, akaulegeza tena. Ukajikunja tena.

“Uzi huu una hasira,” akasema. “Nani kausokota?”

“Mimi,” Bibi akasema. “Una shida gani nao?”

“Mkweo anaposokota uzi mmoja, gurudumu lake linazunguka upande gani?”

“Kulia,” Mama Sufu akajibu. “Kama mishale ya saa. Mama huyu ndiye aliyenifundisha.”

“Na Bibi anapounganisha nyuzi mbili?”

“Kulia,” Bibi akasema. “Nimezungusha kulia tangu wewe una nywele.”

Mzee Kamba alicheka kidogo. “Basi nguo ikifumwa kwa uzi huu, inapinda.”

Nyumba nzima ikamtazama. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za sweta.

“Nipeni sufu kidogo,” akasema.

Alisokota uzi mmoja kwa vidole, kuelekea kulia, mpaka ukakaza sana. Akamwambia Mama Sufu aweke kidole katikati ya uzi huo. Akazileta ncha mbili pamoja, kisha akamwambia atoe kidole. Uzi ulijikunja katikati na kujisokota wenyewe, nusu moja juu ya nusu nyingine.

“Tazama umejisokota upande gani.”

“Kushoto,” Mama Sufu akasema polepole.

“Hakuna aliyeulazimisha. Ukisokotwa kulia, unataka kurudi kushoto. Ukichukua nyuzi mbili za hivyo, ukaziunganisha kwa kuzungusha kushoto, zinapata kile zinachotaka. Kila uzi unataka kufunguka, lakini mwenzake unauzuia. Uzi unatulia. Nyinyi mnauzungusha kulia mara ya pili. Unabaki na nguvu ya kupinda. Mkifuma, unaingia na nguvu yake ndani ya sweta. Ukilowa tu, unaanza kuvuta nguo nzima upande.”

Alimwonyesha Bibi kamba moja. “Hata hii ni hivyo hivyo. Nyuzi za ndani zinaelekea huku. Kamba yenyewe inaelekea kule.”

Bibi alimnyang’anya sufu. “Umepaka kitu mkononi wewe.”

Alisokota yeye mwenyewe. Alipoziunganisha ncha, uzi ukajisokota kushoto. Akarudia, ukaenda kushoto. Mara ya tatu aliufumbia macho. Alipofumbua, ulikuwa kushoto.

“Uzi hauna adabu,” akasema.

“Mama,” Mama Sufu akasema, “tujaribu kushoto.”

“Gurudumu langu halirudi nyuma. Nimelizungusha kulia miaka hamsini. Mikono ya kamba za ng’ombe haitanifundisha sufu za watoto.”

“Sawa, Mama. Wewe pumzika. Mimi nitakaa hapo mlangoni, nilizungushe.”

Bibi alimwangalia mkwewe kuanzia kichwani mpaka miguuni. “Nani akae kwenye kiti changu?”

Akakaa mwenyewe. Akafunga nyuzi mbili kwenye gurudumu. Akalisukuma kushoto, akinung’unika kwamba anajiona kama mtu anayefuta alichoandika. Mwanzoni uzi ulimponyoka mara kwa mara. Kila ulipomponyoka, alimtazama Mzee Kamba kwa jicho kali. Mzee hakuondoka. Aliomba maji ya kunywa na kigoda.

Kufikia adhuhuri donge moja lilikuwa tayari. Mzee alivuta uzi kiasi cha mkono, akaulegeza. Ulining’inia umetulia.

“Sasa ulowekeni kwenye maji ya uvuguvugu,” akasema. “Ukamueni kwa kuubana kwenye taulo. Msiunyonge kama mnakamua tambara la deki. Kisha muutundike mpaka ukauke.”

Fundi alifuma usiku na mchana. Siku ya mwisho wote wanne walikwenda shuleni. Mwalimu Mkuu alikuwa ameweka karai uani na rula mezani. Alipima kutoka kwenye nembo mpaka kwenye mshono, akaandika. Akafua. Akaanika kwenye upepo. Akapima.

“Haijasogea,” akasema.

“Hiyo ni moja,” fundi akanong’ona. Jasho lilikuwa linamtoka.

Akafua mara ya pili. Haikusogea. Mara ya tatu aliifua kwa muda mrefu zaidi, na mume wa Mama Sufu akaenda kusimama nyuma ya choo ili asione. Kilichomrudisha ni sauti ya mkewe. Alidhani analia. Kumbe Mama Sufu alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, anacheka, na fundi anampepea kwa daftari.

“Nahitaji sweta mia mbili na kumi,” Mwalimu Mkuu akasema. “Mlibadilisha nini?”

Bibi ndiye aliyejibu. “Nilikuwa nawajaribu tu niwaone watafanya nini.”

Waliporudi zizini, yule jike mzee alikuja kunusa mifuko ya kila mtu.

“Mke wangu,” mume akasema, “sweta mia mbili na kumi ni uzi mwingi. Magurudumu mawili hayatatosha. Tutahitaji la tatu.”

“Na nani atakaa?” Mama Sufu akauliza. “Mimi nina langu. Mama ana lake.”

“Mnanitazama mimi? Mikono yangu ni ya mkasi.”

“Itajifunza,” Bibi akasema. “Yangu imejifunza nikiwa na miaka sabini na miwili, tena nikiwa nimekasirika.”